Rubani Mwema ni Hadithi

Nilipoiona Blue Thunder kwa mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita, nimebanwa kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza cha mtaani kwetu Morogoro. Filamu ilitoka mwaka 1983, zamani kuliko mimi. Mapema kabisa, askari wawili wa doria ya anga ya Los Angeles wanaisimamisha helikopta yao ya kawaida nje ya dirisha la ghorofani, wakamchungulia mwanamke anayefanya mazoezi akiwa uchi. Hajui kama anatazamwa. Kibanda kizima kilipiga miluzi. Nami nilipiga. Dada yangu, aliyekuwa amenisindikiza, aliinuka akatoka. Nikadhani amechoshwa na joto.

Kisha ikaja helikopta yenyewe, nyeusi, yenye pua iliyochongoka, na sisi watoto tukasahau kila kitu. Katika hadithi ni chombo cha kijeshi kinacholetwa kufanyiwa majaribio mjini, kwa kisingizio cha usalama wa Olimpiki ya 1984. Kina mtambo wa kufifisha sauti. Kina kamera inayofuata joto la mwili hata ukutani, maikrofoni za kunasa maneno ya watu waliojifungia ndani, na kompyuta yenye taarifa za raia. Puani kuna mzinga wa mitutu sita uliounganishwa na kofia ya rubani: akigeuza kichwa, mitutu nayo inageuka. Tafakari ubunifu huo. Kutazama na kulenga vimefanywa tendo moja.

Ninapoijadili filamu hii na vijana wenzangu, wasomi wa vyuo vikuu, hunijibu kwa wimbo uleule: chombo hakina kosa, kosa ni la mshikaji. Kisu hukata nyanya, kisu huua mtu. Nimechoka na kisu hicho. Kisu hakina mtambo wa kufifisha sauti. Aliyechora helikopta isiyosikika alikwisha kuamua, kabla rubani hajapatikana, kwamba anayetazamwa hapaswi kujua. Uamuzi huo umo kwenye bati na nyaya. Haumsubiri mshikaji.

Na usidhani haya ni mambo ya sinema tu. Chini ya mabati ya bandia ya Blue Thunder kuna Gazelle, helikopta ya Kifaransa iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, iliyobuniwa kuwa macho ya jeshi: nyepesi, ya kuchungulia na kurudi na habari. Watengenezaji wa filamu waliibebesha pua na mabati mpaka ikawa nzito. Lakini majeshi halisi nayo hayakuiacha iwe macho matupu. Yaliifunga makombora. Oktoba 1990, Gazelle za jeshi la serikali ya Rwanda zilishambulia misafara ya RPF kutoka angani. Jina lake maana yake ni swala. Swala huyo alijifunza kuua upesi sana.

Turudi kwa rubani mwema. Filamu inaye, anaitwa Frank Murphy, ameigizwa na Roy Scheider. Kwa kutumia maikrofoni za helikopta hiyohiyo anawanasa wakubwa wakipanga njama. Mwenzake anauawa. Murphy anaiiba helikopta ili kanda ya ushahidi ifike kituo cha televisheni. Hapo wapinzani wangu hupiga makofi: unaona, ikiwa mikononi mwa mtu mwema inaokoa!

Mtu mwema yupi? Murphy ndiye yuleyule aliyekuwa dirishani. Filamu ilitaka tucheke, na tulicheka. Huyo ndiye bora kuliko wote waliopewa chombo, na usiku wake wa kawaida kazini ni kuchungulia wanawake. Na usalama unaotegemea askari mmoja aibe mali ya mwajiri wake baada ya rafiki yake kufa si usalama. Ni bahati nasibu.

Murphy mwenyewe anaelewa mwishoni. Anaitua helikopta juu ya reli, anashuka, na treni inaisaga. Mtu aliyeijua kuliko wote hakuwatafutia wenzake rubani bora. Aliivunja. Watazamaji ndio hatukuelewa, na wafanyabiashara walitujua vizuri: mwaka 1984 televisheni ya ABC ilionyesha mfululizo ambamo helikopta hiyohiyo ni shujaa wa kukamata wahalifu. Onyo likageuzwa kuwa mwanasesere.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani likizo. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi. Bafu letu liko uani, kuta za bati, halina paa. Kuta hizo zilijengwa kuzuia macho ya mpita njia, hazikujengwa kuzuia macho ya angani. Dada alikuwa anaoga droni ilipokuja ikasimama juu. Alijifunga kanga, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa kijana mwenye rimoti.

"Dada, sisi tunapiga picha za harusi tu," alisema, akicheka. "Kama huna cha kuficha, wasiwasi wa nini?"

"Ninacho," dada akamjibu. "Nilikuwa naoga."

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama naikumbuka ile filamu ya helikopta. Nilimwambia naikumbuka. Hakusema zaidi, na sikuwa na la kujitetea. Ule mluzi wangu nilikuwa bado nausikia.

Kwa hiyo siku watakapotuletea chombo kipya cha kututazama, wakituahidi kwamba kitarushwa na watu waadilifu, tusiulize majina ya marubani. Tuulize kimechorwaje. Kinapiga kelele kikija, ili tujue kimefika? Picha zinafutwa lini, na nani ana mamlaka ya kukizima? Wasipokuwa na majibu, jibu tunalo sisi: kibaki chini.