Makumbusho si ya Watalii Peke Yao

Mtumishi wa umma ateremkapo kwenye boti katika bandari ya Malindi, Unguja, Mji Mkongwe wote huwa mbele ya macho yake. Huhudhuria semina, jioni akala pweza Forodhani, akanunua karafuu na kanga za kupeleka nyumbani, kisha akarejea Dar es Salaam. Akiulizwa kama aliingia katika jumba lolote la makumbusho, hucheka na kujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Kicheko hicho ni kasumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Unguja mgeni anakuja, tena kwa maelfu, lakini mwenyeji hayumo nyumbani mwake.

Wako wanaojitetea kwa hoja iliyovikwa joho la kimapinduzi. Hudai kwamba majumba yale yalijengwa na masultani, hivyo mtoto wa mkulima hana haja ya kwenda kustaajabia vitanda vya mabwanyenye. Hoja hiyo ni potofu. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, lakini mawe, chokaa na boriti havikujipanga vyenyewe. Vilibebwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa. Kasri la Beit al-Sahel nalo liliingia mikononi mwa wananchi kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Mtu aliyetwaa mali kisha akakataa hata kuitazama, amemwachia nani kazi ya kuieleza?

Hali ya Mkunazini inasikitisha zaidi. Mwanafunzi hukariri kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, akajibu mtihani, akapewa alama, akasahau. Lakini mahali penyewe papo. Kanisa la Kianglikana limesimama juu ya uwanja wa soko hilo, na kando yake zimo shimoni sanamu za watumwa watano wenye minyororo shingoni. Mwalimu wa Unguja anayefundisha somo hili mwaka hata mwaka bila ya kuwafikisha wanafunzi wake pale, anafundisha tarehe, historia hajaifundisha.

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nchi nzima ilisikitika. Lakini miongoni mwa waliosikitika, ni wangapi waliokuwa wamepata kupanda ngazi za jumba lile lilipokuwa zima? Machozi ya mtu asiyezuru nyumba yake hayazuii ukuta kuanguka.

Wajibu, basi, uko wazi. Walimu walio karibu wawapeleke wanafunzi, wakiwa na maswali yaliyoandaliwa darasani. Watumishi wanaokwenda kwa kazi watenge saa mbili kabla ya kwenda sokoni. Waongozaji wa makumbusho wamweleze mwananchi kwa Kiswahili fasaha, kwa heshima ile ile wanayompa mgeni, na wasimtaje sultani bila ya kumtaja mchuma karafuu.

Mwacha asili ni mtumwa. Anayedhani kwamba huo ni msemo tu, na aende Mkunazini akaitazame minyororo.