Mambo ya Nyumbani: Paka Mkubwa Arukiaye Miguu

Mwezi uliopita ilitufikia barua ya mwalimu mmoja wa Ngonga, katika nchi ya Kyela. Nyumbani mwake yumo paka dume, umri wake wapata miaka miwili, hodari mno wa kukamata panya. Tangu mpunga ulipovunwa na kuwekwa ndani, halijatobolewa hata gunia moja. Walakini paka huyo ana desturi mbaya: hujificha nyuma ya mlango, na mtu apitapo humrukia mguuni, akamshika kwa makucha na kumwuma, kisha akakimbia. Watoto walikuwa wakicheka, hata siku moja alfajiri alipomrukia bibi yao, akitoka na ndoo. Bibi ni mzee, na ngozi yake ni nyepesi. Jeraha likavimba, naye akakaa juma zima asiweze kukanyaga vema. Sasa wakubwa wa nyumba wanataka paka atiwe guniani akatupwe mtoni, na watoto wanalia.

Tena kuna neno jingine, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Paka huyo alitolewa na jirani, mama mjane, alipokuwa angali mdogo sana. Siku hizi wako wanaonong'ona kwamba paka ametumwa, na yule mama ameanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mwalimu atuuliza: tuwajibu nini?

Wajibuni kwamba hakutumwa na mtu. Paka huyu anacheza, wala hana jambo jingine. Twasema hivi pasipo shaka, kwa kuwa matendo yote yaliyoandikwa katika barua ni matendo ya mnyama awindaye. Paka wetu wa nyumbani ni uzao wa paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, ambao yapata miaka 10,000 iliyopita walianza kukaa karibu na watu, kwa ajili ya panya waliokuja kula nafaka ghalani. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro, nchi yake Barnaba, wamelikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka, nalo lina miaka kama 9,500. (Ni ajabu kwamba katika vitabu 66 vya Biblia paka wa nyumbani hatajwi hata mara moja, ingawa mbwa na punda wametajwa sana.) Basi, kazi ile ile tunayomsifia kwayo penye magunia ndiyo anayoifanya penye mguu wa bibi. Kitu kinachopita upesi karibu na ardhi, wakati wa machweo au mapambazuko, humwamsha awinde. Na mguu wa mtu ni kitu cha namna hiyo.

Kuna njia ya kupambanua mchezo na hasira. Paka achezaye hunyemelea kimya, hujikunyata, hutikisa nyuma yake, kisha huruka. Mwenye hofu au hasira hulaza masikio, husimamisha manyoya, hukoroma na kutoa sauti kama ya nyoka. Huyo wa pili asiguswe kabisa. Aachiwe njia ya kutokea.

Je, nani aliyemfundisha kuuma watu? Kwa kawaida ni sisi wenyewe. Nasi hatujitoi: tulipokuwa na paka mchanga tulimchezesha kwa vidole, tukafurahi alipoving'ata kwa meno yake madogo, na alipokua tukamlaumu kwa kuyashika mafundisho yetu. Pia mtoto wa paka aondolewaye kwa mama yake kabla ya majuma 8 hukosa malezi, maana akiwauma ndugu zake kupita kiasi, wao humwuma vilevile au huacha kucheza naye, ndipo ajifunzapo kipimo. Yule mama mjane alimtoa mapema, labda kwa ukarimu tu. Hilo ndilo kosa lake lote, kama ni kosa.

Sasa dawa yake. Kwanza, watu wote wa nyumba wapatane kwamba mkono na mguu si vitu vya kuchezea. Mmoja akikataza na mwingine akichezesha vidole, kazi ni bure. Kisha mtwae kamba ya mgomba, urefu wake kama pima moja, mfunge unyoya wa kuku nchani. Mtoto mkubwa aikokote chini, ikimkimbia paka kama panya akimbiavyo, wala asimpige nayo usoni, naye aachwe aikamate mara kwa mara, asije akakata tamaa. Dakika 10 jioni zatosha, na 10 nyingine alfajiri kabla bibi hajafungua mlango. Mchezo ukiisha, apewe chakula palepale, hata usipa wawili watatu, kwani desturi ya paka ni kukamata, kula, kujilamba na kulala. Kamba nayo ifichwe, maana akiimeza yaweza kumsokota matumbo.

Akimshika mtu mguu, mtu huyo asimame kimya wala asiuvute, maana kinachokimbia ndicho kifukuzwacho. Akiachia, mtu aende zake asiseme naye neno. Kumpiga hakufai hata kidogo: hataujua mguu kuwa haramu, atajua tu kwamba watu ni wa kuogopwa, na hapo atauma kwa hofu, nako ndiko kuuma kubaya zaidi. Bibi naye awe na mpira mdogo wa maganda makavu ya mgomba, autupe mbele yake kabla ya kuvuka mlango. Wengine hushauri kumfunga paka kengele shingoni, lakini panya nao wana masikio. Kumhasi humpunguzia dume kuzurura na kupigana na madume wenzake, nasi twausifu ushauri huo, ila hakuondoi mchezo.

Habari ya jeraha msiifanyie mzaha. Meno ya paka ni membamba, huingia ndani sana, na shimo hufunga juu huku uchafu umebaki. Kinywani mwake mna vijidudu viitwavyo Pasteurella, kwa heshima ya Louis Pasteur, bwana yule aliyemchanja mtu wa kwanza kwa kinga ya kichaa cha mbwa mwaka 1885. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku ileile, kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda pia. Paka huyu amefanya hivi miezi mingi, naye anakula na ana afya. Mwenye kichaa hafiki huko, hufa kwa siku chache ishara zikiisha kuonekana. Hata hivyo paka aliyekuwa mpole akageuka ghafula, akadondosha mate na kuuma ovyo, huyo si wa kuchezeshwa kamba: watu wajitenge naye, na mtaalamu wa mifugo aitwe. Huyohuyo ndiye achanjaye paka tangu umri wa miezi 3, na kurudia kila mwaka.

Mwalimu tumemjibu hayo kwa barua, na kumwomba aisome kwa sauti nyumbani mwake, jirani yake akiwapo. Twangoja habari za mguu wa bibi.