Ardhi Kwanza, Funguo Baadaye

Kila mwisho wa mwezi, kabla mfanyakazi wa nchi hii hajauona mshahara wake, asilimia 1.5 ya jasho lake huwa imekwisha kukatwa kwa jina la nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake naye hutozwa kiasi kicho hicho. Anayelipwa Sh30,000 hutoa Sh450, na mwajiri huongeza Sh450 nyingine. Makato hayo yalianza Julai 2023 chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Mahakama Kuu ikayaharamisha tarehe 28 Novemba 2023, Bunge likarudi mbio na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaihalalisha sheria hiyo mpya. Hatunuii kuirudia kesi hiyo hapa. Swali letu ni jingine, na kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi: fedha zikishakusanywa, ni nani anayeamua ijengwe nyumba gani, wapi, juu ya ardhi ya nani, na aingie nani?

Jibu la watawala ni hili. Huteuliwa kiwanja, huletwa mwanakandarasi, ghorofa huinuka, utepe hukatwa, na mheshimiwa hukabidhi funguo huku kamera zikimmulika. Mei 2025 Rais William Ruto alizikabidhi funguo za nyumba za kwanza za mradi wa serikali kule Mukuru, jijini Nairobi. Hatuwaonei kijicho waliozipokea. Aliyeishi katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, choo kikiwa mbali na usiku ukiwa na hatari zake, ana haki ya kushangilia bomba linalotoa maji ndani ya nyumba yake. Bali katika sherehe hizo mwananchi ni mpokeaji tu. Hujiandikisha kwenye mtandao wa serikali uitwao Boma Yangu, kisha husubiri. Upana wa nyumba umekwisha kuamuliwa. Jirani yake ameamuliwa. Na mpangaji ambaye hakubahatika ataelekea wapi, hilo halina mwenyewe. Ufunguo uliotolewa kwa namna hiyo ni zawadi, na zawadi humfunga anayeipokea kwa anayeitoa hadi siku ya kura.

Nasi tunasema iko njia nyingine, nayo haikuletwa na mgeni ndani ya mkoba. Ni njia ya mashirika ya wakazi wenyewe, yasiyotafuta faida, yanayoweka akiba, kuchora ramani, kushika ardhi kwa pamoja na kujenga. Wasomaji wengi hawajasahau Mei 1990, pale nguvu za Tume ya Jiji zilipoingia Muoroto na kuyasambaratisha makao ya watu, wala Kibagare mwaka uo huo. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991, vyama vikawa vingi, lakini tingatinga ikabaki ile ile. Watu wa mitaa ya mabanda wakatambua kwamba kupata vyama vingi si kupata pa kulala. Mwaka 1996 wakaunda Muungano wa Wanavijiji ili kupinga ubomoaji na unyakuzi wa viwanja vya umma, na Kituo cha Sheria kikawasaidia katika vita hivyo.

Sisi wanasheria tuna desturi ya kuyahesabu mafanikio yetu kwa maagizo ya mahakama. Lakini zuio la mahakama, hata likitiiwa, huizuia tingatinga tu. Halichimbi choo wala halivuti maji. Jane Weru, mwanasheria aliyekuwa akikiongoza Kituo cha Sheria, aliliona pengo hilo, na mwaka 2000 ikazaliwa Pamoja Trust, iliyotembea bega kwa bega na Muungano. Mwaka 2003 likafuata shirika la Akiba Mashinani, hazina ya kuvikopesha vikundi vya wakazi. Msingi wa yote ulikuwa akiba ndogo ndogo, shilingi chache za kila siku zinazoandikwa daftarini mbele ya jirani. Benki iliwaona watu hao kuwa maskini wasiokopesheka. Daftari lilionyesha vingine.

Tazama yaliyofanyika Kambi Moto, kijiji kimojawapo cha Huruma, jijini Nairobi. Jambo la kwanza walilolifanya wakazi si kujenga, ni kuhesabiana. Kila mlango ulitiwa nambari, kila kaya ikaandikwa, ramani ikachorwa, na majina yakahakikiwa mbele ya wote ili mwenye pingamizi aseme. Yeyote aliyewahi kushughulika na kesi za ardhi katika nchi hii anaijua thamani ya hatua hiyo. Orodha ndipo pa kuibia. Ghorofa haliibiwi mchana, lakini jina huongezwa usiku, na asubuhi shemeji wa diwani ameamka mkazi wa siku nyingi.

Kisha likaja lililo gumu zaidi. Katika mabanda kuna mwenye mabanda na kuna mpangaji, na masilahi yao hayapatani. Mwenye vyumba kumi hula kodi kumi kila mwezi. Ukimwambia atoke na nafasi moja sawa na mpangaji wake, utakuwa umemgusa mfukoni. Serikali hulikwepa suala hilo kwa kujifanya halipo, au hulitatua kwa rungu. Huruma walilijadili, mkutano baada ya mkutano, hadi wakaafikiana kwamba kila kaya ipate nafasi moja, iwe ya mwenye mabanda au ya mpangaji. Hakuna sheria ya Bunge iliyowalazimisha. Tungependa kumwona waziri yeyote aliyewahi kuupata mwafaka wa aina hiyo kwa kuwashawishi watu tu.

Mwaka 2003 Baraza la Jiji, lililokuwa na ardhi hiyo, lilitia sahihi mapatano nao, na ujenzi ukaanza. Kila nyumba ilipewa msingi wa takriban mita 20 za mraba, na kwa kuwa kiwanja kilikuwa kidogo, nyumba zikapanda juu badala ya kutambaa. Wakazi, na wanawake wengi miongoni mwao, walijifunza kufinyanga vipande vya sakafu kwa saruji na kuvipanga wenyewe. Jiko likawa ndani, choo kikawa ndani, njia zikabaki wazi. Ilijengwa kwa mafungu, akiba ikiisha wanasubiri, na wapo waliochoka kungoja. Hilo hatulifichi. Bali aliyeishi pale ndiye aliyejengewa pale, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuuboresha mtaa na kuwafukuza wenye mtaa.

Tukivuka kutoka Huruma hadi Mukuru, jambo linakuwa kubwa mara nyingi. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni makao ya kaya zipatazo laki moja. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikwisha kugawiwa watu binafsi na makampuni tangu miaka ya 1970 na 1980 kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Viwanda havikujengwa. Watu walijenga. Wenye hati walikaa na hati zao, na watu wakakaa na matope. Watafiti wa vyuo vikuu walioshirikiana na wakazi waligundua jambo ambalo mama wa Mukuru alilijua siku zote, kwamba maskini wa mabanda hununua maji na umeme kwa bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wa matajiri. Katika miaka ya 2010 wanawake wa huko walikusanya maelfu ya sahihi na kudai vyoo kwa Wizara ya Afya, maana kipindupindu na kuhara havianzii hospitalini, na daktari anayemtibu mtoto kisha akamrudisha kwenye mtaro ule ule anafanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na ujenzi mpya ukasimamishwa kwa miaka 2 ili mpango uandikwe. Mashirika zaidi ya 40 yakaingia kazini, ya afya, ya maji, ya elimu, ya sheria, ya fedha, lakini wakazi ndio waliojipanga kuanzia kikundi cha kaya chache hadi kijiji kizima, wakisema barabara ipite wapi na iwe na upana gani. Usilidharau suala la upana. Kanuni za kawaida za mipango, zilizotungwa kwa ajili ya mitaa yenye bustani, zingetaka barabara pana mno kiasi cha kuzing'oa nyumba nyingi kuliko zinazobaki. Wakazi walipunguza upana na kuokoa makao. Baadaye Mukuru ikapata barabara za lami, vituo vya afya, na mabomba ya maji taka ya aina nyepesi yanayoweza kupenya kwenye vichochoro.

Halafu ikafika Oktoba 2021. Tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kwa hoja ya kufungua barabara, na maelfu ya watu wakalala nje, ndani ya eneo lile lile ambalo serikali ya kaunti ilikuwa imelitangaza kuwa la mipango maalum ya wakazi. Hapo ndipo udhaifu wa yote tuliyoyasifu unapojitokeza. Wakazi walikuwa na ramani, walikuwa na orodha, walikuwa na mpango. Hawakuwa na ardhi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Januari 2021, miezi michache tu kabla ya ubomoaji huo, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa Novemba 2011. Ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakikaa muda mrefu katika ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea watoto, haki yao ya makao hupata nguvu inayolindwa na sheria, hata kama hawana hatimiliki. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini haukugusa ardhi ambayo mtu binafsi amekwisha kuishikia hati, na Mukuru kumejaa hati za namna hiyo. Mnyakuzi wa zamani analindwa na karatasi. Aliyejenga mtaa analindwa na huruma.

Wako waliolitatua jambo hili. Katika mtaa wa Roxbury, mjini Boston, Marekani, wenye majumba waliyaacha na mengine yakateketezwa kwa moto, na viwanja vilivyobaki vitupu vikawa jaa la malori yaliyotoka kwingine. Mwaka 1984 likaanzishwa shirika la Dudley Street Neighborhood Initiative. Mwanzoni wafadhili walipanga bodi ambayo wakazi wangekuwa wachache. Wakazi wakainuka mkutanini wakauliza ni nani aliyewachagua hao, na bodi ikapangwa upya wenyeji wakiwa wengi. Walianza na taka, wakashinikiza hadi vituo haramu vya kutupia takataka vikafungwa. Kisha mwaka 1988 jiji likawapa jambo ambalo mwanasheria yeyote atalisoma mara mbili: nguvu ya kutwaa kwa lazima viwanja vitupu katikati ya mtaa wao. Ardhi hiyo inashikwa kwa amana. Mwenye nyumba humiliki nyumba na kukodi ardhi kwa miaka 99, na akiuza, bei ina kikomo ili anayemfuata naye aimudu. Hapa kwetu nguvu ya utwaaji tumeijua kwa barabara na kwa reli. Kwa nini isijulikane kwa vyoo?

Wala wazo la amana si geni nchini. Voi, katika kijiji cha Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi waliokuwa wakiishi juu ya ardhi ya serikali, ya reli na ya shamba la mkonge walichagua kuishika ardhi kwa pamoja, kila mmoja akimiliki alichokijenga. Lengo lilikuwa kumzuia tajiri wa mbali asije kuinunua mara tu itakapopimwa. Waliteseka na taratibu, kwa sababu sheria zetu hazikuwa na mlango wa kitu cha namna hiyo, na ikabidi wanasheria waunganishe vipande vya sheria mbalimbali kama fundi cherehani.

Tutaambiwa mashirika haya yanajenga nyumba kumi ilhali nchi inahitaji laki. Ni kweli yamejenga chache. Lakini yamejenga kwa akiba za wachuuzi na misaada, bila hata senti moja ya makato yanayokusanywa leo, na chini ya serikali iliyoyatilia shaka daima. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi Januari 2013 na haikuanza kutumika hadi Mei 2024. Miaka 11 sheria ya nchi ilikaa kabatini, na katikati yake, mwaka 2013, kukawa na jaribio la kuyawekea mashirika hayo kikomo cha asilimia 15 ya fedha za kutoka nje. Humfungi mtu miguu kisha ukamcheka kwa kuchelewa. Tutaambiwa pia kwamba humo mna wezi, na warsha za hotelini zisizokwisha. Wamo. Dawa yake ni ile ile tunayoidai kwa serikali: hesabu zisomwe hadharani, viongozi wachaguliwe na waondolewe kwa kura. Kambi Moto walianza kusoma orodha zao mbele ya watu zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kwa hiyo tunalitaka Bunge litenge sehemu maalum ya fedha za nyumba kwa ajili ya vyama vya ushirika na amana za wakazi, zikopwe moja kwa moja bila kupitia kwa mwanakandarasi wala mheshimiwa. Tunaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi izipitie moja moja hati za Mukuru zilizotolewa kwa sharti la viwanda, itangaze ni ngapi zilizotimiza sharti hilo, na zile zisizotimiza zifutwe kwa utaratibu wa sheria, ardhi ikabidhiwe wakazi kwa amana isiyouzika. Na kabla jiwe la msingi la ghorofa jingine halijawekwa katika mtaa wowote wa mabanda, tunataka orodha ya wanaoishi hapo leo, wapangaji na wenye mabanda, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kwa siku 60, kila jina na nambari ya mlango wake.