Kabla Hujasema Wantam au Tutam, Soma 1 Samweli 12

Neno la leo ni refu na litawakwaza wengine. Tafadhali usisome nusu halafu uende kunisengenya kwa hiyo nusu.

Jumatano iliyopita ushirika wetu wa nyumbani hapa Naro Moru ulivunjika kabla ya sala ya kufunga. Tulikuwa watu kumi na wawili, chai imeshamiminwa. Ndugu mmoja akasema, kabla hatujaachana tumwombee Rais. Dada mmoja akajibu kwamba yeye hawezi, akifumba macho kuomba anawaona vijana wa Juni 2024 wamelala barabarani na bendera. Ndugu akamwambia, "Wewe una uchungu wa Gachagua tu, usitudanganye." Mwingine kwenye kona akasema "Wantam." Mwingine akamjibu "Tutam." Baada ya dakika kumi chai ilikuwa imepoa na nusu ya watu walikuwa nje kwenye baridi wakiita bodaboda. Hawa ni watu wanaoshiriki meza ya Bwana pamoja. Na kura zenyewe ni Agosti 10, 2027. Tukianza hivi mapema, tutafika huko tukiwa na kanisa?

Nilirudi nyumbani nikimlalamikia mke wangu juu ya waumini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Na wewe Pasta, 2022 ulisema nini pale mbele?"

Nilinyamaza. Nitakuambia nilichosema, maana wengi wenu mlikuwepo. Jumapili moja mwezi wa Julai 2022 nilihubiri kutoka 1 Samweli 16, Daudi akitolewa kwa kondoo. Nikasema kama Mungu alimtoa mtu kwa kondoo, anaweza kumtoa mwingine kwa kuku wa kando ya barabara. Sikutaja jina. Sikuhitaji. Mlipiga makofi, vigelegele vikapigwa, mtu wa kinanda akaongeza sauti. Nikaongeza kwamba Mungu amesema. Wapendwa, Mungu hakuwa amesema nami neno lolote juu ya William Ruto. Niliyasikia kwenye redio ya asubuhi kama ninyi, nikayapaka mafuta.

Nasema hivi kwa sababu sikuwa peke yangu, na ndugu zangu wachungaji wa Nyeri, Laikipia na Kirinyaga wanajua sikuwa peke yangu. Katika Kaunti ya Nyeri zaidi ya kura nane kati ya kila kumi zilikwenda kwa wilibaro. Tusidanganyane kwamba wilibaro ilijisukuma. Madhabahu yalishika mpini mmoja.

Sasa fungua 1 Wafalme 22. Mfalme Ahabu alitaka kwenda vitani, akakusanya manabii kama mia nne, na wote wakampa jibu moja tamu. Mmoja wao akajitengenezea hata pembe za chuma, vifaa vya maonyesho. Mikaya peke yake ndiye aliyesema aliloonyeshwa, akapigwa kofi na kufungwa gerezani. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi tangu nikiwa chuo cha Biblia, na kila mara najiona niko upande wa Mikaya. Mwaka 2022 nilikuwa mmoja wa wale mia nne, na pembe nilikuwa nazo.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki cha leo. Wale mia nne hawajatubu. Wamebadilisha wimbo tu. Mchungaji aliyesema 2022 kwamba huyu ni Daudi, leo anasema huyu ni Farao, na anatumia sauti ile ile, kitambaa kile kile cha kufuta jasho, na "Bwana ameniambia" ile ile. Mpendwa, muulize kwa upole: Bwana alikosea mwaka gani? Kama ulidanganya 2022, ungama hilo kwanza, ndipo tusikilize la 2027. Mtu aliyeuza dawa mbaya hawezi kufungua duka lingine mtaa wa pili bila kusema neno juu ya wale waliolazwa.

Sisi watu wa Kieni tunajua habari ya mizani. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini umewahi kumwona dalali akija shambani na gunia lililoshonewa shingo juu, likajazwa mpaka likawa na kilemba, na analipia kama gunia moja? Ukilalamika anakwambia ndivyo soko lilivyo. Yeye anaponunua gunia ni refu, anapouza mjini anapima kwa kilo. Mithali 11:1 inamhusu huyo. Na inakuhusu wewe pia unapoipima rekodi ya Rais kwa gunia refu akiwa adui yako na kwa gunia fupi akiwa mtu wako.

Twende kwenye rekodi yenyewe. 1 Samweli 12, Samweli mzee anasimama mbele ya Israeli yote na kuwaambia wamshuhudie: ng'ombe wa nani amemchukua, punda wa nani, nani amemdhulumu, kwa mkono wa nani amepokea rushwa akafumba macho. Hawaulizi kama wanampenda, wala kabila lake. Anauliza juu ya mali ya watu, dhuluma, na rushwa. Nikasema moyoni, haya ndiyo maswali, basi niyajibu kama shahidi aliyeapa.

Mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na nawajua watu hapa waliopanda bila kitu. Baadaye ukashuka mpaka 2,500 kwa ile ya ruzuku. Hilo lilitokea. Wewe mkulima wa viazi uliyepanga foleni ukabeba mifuko yako, kisha ukasimama kwenye matanga ukasema mtu huyu hajafanya hata kitu kimoja, umetoa ushahidi wa uongo, na Kutoka 20:16 haina kifungu kinachoruhusu kumsingizia rais. Na wewe unayeimba mbolea asubuhi na jioni, mbona huongezi kwamba mwaka 2024 baadhi ya mifuko ya mpango huo huo iligunduliwa kuwa bandia? Sema yote mawili.

Dola ilikuwa karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, ikashuka mpaka kama 129 na kutulia. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sheria ya fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 mpaka 16, na Septemba ya mwaka huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Mwalimu na muuguzi wanakatwa asilimia 1.5 ya nyumba, kisha asilimia 2.75 ya SHA. Mama wa kibanda cha mboga anaambiwa alipe SHA ya mwaka mzima kwa mkupuo, kana kwamba sukuma wiki huuzwa mara moja kwa mwaka. Ng'ombe wa nani nimemchukua? Huyo mama ana jibu, na ana haki ya kulisema bila kuitwa mwasi.

Halafu kuna swali la dhuluma, na hapa sitapunguza sauti. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, kufikia mwanzoni mwa Julai 2024, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Saba Saba ya 2025 ikaongeza wengine zaidi ya 30. Rais aliukataa mswada ule Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, na hilo pia ni sehemu ya ushahidi. Lakini ndugu uliyeniandikia kwamba "hata mbolea imeshuka, Pasta, tuwe na shukrani," nisikilize. Damu haipimwi kwa mifuko ya mbolea. Mwanzo 4, Mungu hakumuuliza Kaini shamba lilitoa magunia mangapi mwaka ule. Alimuuliza ndugu yake yuko wapi. Kila atakayekuja kutuomba kura Agosti 2027, awe wa serikali au wa upinzani, aulizwe hilo kwanza: watoto wale wako wapi, nani alifyatua, nani alitoa amri, na umefanya nini?

Sasa nirudi kwetu Mlimani, na hapa najua nitapoteza baadhi ya marafiki. Ile sheria ya fedha ya 2023 ilipita wakati mtoto wetu wa Mathira ni Naibu Rais, naye aliitetea. Petroli ilipita 200 akiwa ofisini. Vijana walipigwa risasi Juni 2024 akiwa bado ofisini. Ingawa siku ile ya pili alisimama akawalaumu wakuu wa ujasusi, hakujiuzulu. Alipoambia nchi kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa, tulicheka, tukapiga meza. Kwa nini? Tulidhani wenye hisa ni sisi. Seneti ilipomtoa Oktoba 17, 2024, ndipo ghafla tukagundua kwamba hii serikali ni ya dhuluma. Mpendwa, kama dhuluma ilianza siku ile mtu wetu alipotolewa, basi uchungu wetu haukuwa dhuluma. Ulikuwa kiti. Naamini jinsi alivyotolewa kulikuwa na maswali mengi ya haki. Ila usiniletee kiti ukakiita maskini.

Na ninyi mnaomtetea Rais kwa kuwa ni mtu wa maombi, kwamba Ikulu sasa kuna ibada na watumishi wanaalikwa. Hata Ahabu alivaa gunia akafunga. Maombi ya mtu yako kati yake na Mungu wake. Kazi yake tulimpa sisi, na hiyo tunaruhusiwa kuikagua hata akiwa amepiga magoti.

Kuna swali la mwisho la Samweli, lile la rushwa inayofumba macho. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alirudisha mamilioni ambayo Rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto. Sisi Wapentekoste tunapenda kusema Wakatoliki hawajaokoka. Haya, sisi tuliookoka tumerudisha shilingi ngapi? Mimi mwenyewe niliwahi kupokea mabati ya mwanasiasa kwa ajili ya jengo letu la shule ya Jumapili. Yako juu ya vichwa vya watoto wenu mpaka leo. Kila nikiyaangalia najua ni kwa nini mahubiri yangu yalikuwa laini mwaka ule.

Kwa hiyo Jumapili hii, ibada ya pili, saa nne, nitasimama mbele bila kinanda nitubu kwa yale niliyohubiri Julai 2022. Wazee wa kanisa wamekubali, mmoja kwa shingo upande. Kuanzia siku hiyo mpaka uchaguzi hakuna mwanasiasa atakayepewa kipaza sauti, wa wilibaro wala wa chama kipya. Atakaa kwenye kiti kama wengine na atoe sadaka kwenye bahasha isiyo na jina. Mabati bado tunajadiliana. Kuyang'oa ni kuwanyeshea watoto, kwa hiyo tunapiga hesabu ya thamani yake ili pesa zirudi alikotoka mwenyewe, na mwenye chochote cha kuchangia amwone mweka hazina.

Na ushirika wa Jumatano utakuwa nyumbani kwangu. Nimempigia simu yule dada na yule ndugu. Dada amesema atakuja. Ndugu amesema ataona. Tutamwombea Rais kwa jina lake, na tutawaombea wale vijana na mama zao, kwa sala moja. Chai itakuwepo. Anayekuja na "Wantam" au "Tutam" aje, lakini aje na Biblia pia, tutaanzia 1 Samweli 12 mstari wa kwanza.

Ubarikiwe.