Tamko kuhusu moto wa injini wakati wa kuwasha ndege ndogo

Sydney, Australia

Sisi wanachama wa chama cha watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Sydney, tukiwemo wanafunzi wa urubani wa viwanja vya ndege vya Bankstown na Camden, mafundi na abiria wa kawaida, tunatamka ifuatavyo.

Injini ya pistoni ikiwa baridi, hasa asubuhi za Julai, rubani huiongezea petroli kabla ya kupiga stata. Petroli ikizidi hutuama kwenye njia ya hewa, na injini ikirudisha moto nyuma, inashika. Hatua ya kwanza humshangaza asiyeijua: rubani haachi stata. Anaendelea kuzungusha injini ili iuvute moto ndani. Ikishindikana ndipo anapokata mafuta na umeme na kuwatoa watu. Kwenye Cessna Caravan, yenye injini ya turbini, ambayo wengi wetu huipanda tukienda Lamu au Mafia likizo, moto ukibaki kwenye ekzosi mafuta hukatwa lakini stata huendelea, hewa iupulize nje.

Kwa hiyo kuna sekunde ambazo moto unaonekana na propela bado inazunguka. Abiria aliyeona ndimi za moto hatasubiri kuelezwa. Akifungua mlango wa mbele wa Cessna 206 na kukimbilia mbele, anakutana na propela, ilhali moto wenyewe pengine ungezimika. Hilo linatutisha kuliko moto.

Kanuni za Australia zinataka abiria waelezwe usalama kabla ya kupaa. Kabla ya kupaa si kabla ya kuwasha. Tunadai maelezo yatolewe injini ikiwa kimya, milango ionyeshwe kwa mkono, na kila abiria aambiwe akitoka aelekee mkiani. Wa 206 waambiwe pia kwamba mlango mkubwa wa nyuma haufunguki vizuri flapsi zikiwa chini. Kwa ndege za majini za Rose Bay hitaji ni kubwa zaidi, maana huko anayetoka anaingia majini.

Tunakumbusha pia ajali ya ndege ya majini aina ya Beaver huko Jerusalem Bay, tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 6. Haikuwa ajali ya moto. Lakini wachunguzi walikuta gesi ya kaboni monoksidi iliingia walimokaa rubani na abiria kupitia ukuta wa kukinga moto, mahali palipokosa boliti. Ukuta huohuo ndio tunaoutegemea injini ikishika moto. Mafundi wakague boliti hizo kila matengenezo, bila kungoja ajali nyingine.

Moto uliozimika wenyewe uripotiwe kwa wachunguzi wa usalama wa usafiri kama moto mwingine wowote. Tunajua baadhi ya marubani huona aibu kusema walizidisha petroli. Aibu hiyo tunawaomba waiache.

Na mwanachama yeyote atakayeambiwa apande au ashuke propela ikizunguka, akatae.

Kamati ya Uongozi