Mitambo ya upepo: Ukaguzi usisubiri ufa uonekane

Kwa wakazi wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, mkoani Mbeya, radi na mvua kubwa si habari ngeni. Wala si mitetemo ya ardhi, kwa kuwa wilaya hiyo imo katika Bonde la Ufa, penye milima ya volkano ya Rungwe na Kiejo. Hayo hayana budi kuzingatiwa kila umeme wa upepo unapojadiliwa katika Nyanda za Juu Kusini.

Mfano wa karibu uko Mufindi, mkoani Iringa, ambako mradi wa upepo wa Mwenga, wenye mitambo mitatu na uwezo wa megawati 2.4, ulianza uzalishaji mwaka 2020. Mtambo mmoja ukisimama, theluthi ya uwezo huo hupotea.

Mara nyingi mtambo huonyesha dalili kabla ya kuvunjika. Radi huunguza ncha ya panga, bolti hulegea, ufa huanza ndani ambako jicho halifiki. Mnara nao una mtikisiko wake wa kawaida. Ukibadilika, huenda msingi au viungio vimedhoofika. Vihisi vilivyofungwa mnarani hunasa badiliko hilo mapema.

Hata hivyo, vihisi bila mtaalamu wa kusoma takwimu zake havina faida. Je, ni nani atazisoma, na ana mamlaka ya kuuzima mtambo? EWURA, yenye jukumu la kutoa leseni za uzalishaji umeme, haina budi kudai jibu hilo kabla mnara haujasimamishwa.