Jodari Mdogo Si Sehewa

Jodari wa mapezi ya manjano na sehewa mwenye mistari tumboni ni ndugu. Wakiwa wadogo huogelea kundi moja na hunaswa pamoja. Kwa mnunuzi wa jumla, samaki wa sentimita 50 ni wa sentimita 50 tu. Hesabu mbovu hiyo. Sehewa wa urefu huo amekwisha kukomaa, ilhali jodari hukomaa akikaribia sentimita 100, na akiachwa hupita kilo 100. Kumuuza kwa bei ya sehewa ni kula mtaji. Minada ingepaswa kuwatenga na kumshusha bei jodari mchanga. Wenye nyavu watanung'unika, na kweli wavu hauchagui samaki. Lakini mahali pa kuutupa huchaguliwa.